Kitambaa cha vipande 36: shajara ya wafumaji wa Kigoma

Mei, ziwa halijafungwa

Kazi imepitishwa. Tutatengeneza kitambaa cha meza cha sentimita 90 kwa 90, cha vipande 36 vya kuunganishwa, kila kipande sentimita 15 kila upande. Safari hii sindano za kroshia zinapumzika. Kila kipande kitaanza kuwa wavu mtupu wa mafundo, wavu kwelikweli, kama anaobeba mvuvi, ila macho yake yawe ya milimita 5. Kisha picha itajazwa juu yake kwa sindano ya kushonea, chumba baada ya chumba.

Wengi wameniuliza kwa nini tujitwike mzigo huu wakati kroshia tunaijua na wateja tunao. Jibu langu ni hili. Vile vitambaa vya makochi vilivyojaa majumbani mwetu, vyenye vyumba vitupu na vyumba vilivyojazwa mpaka linatokea ua au ndege, vinaiga lesi ya wavu. Kroshia ilichukua sura ile kwa sababu inakwenda haraka. Tumemlea mjukuu miaka yote hii bila kumwona bibi yake, na mimi namtaka bibi.

Ulaya ya karne ya 16 ilikuwa imeipenda lesi hii kupita kiasi. Catherine de' Medici, malkia wa Ufaransa aliyefariki mwaka 1589, aliacha masanduku ya vipande vya mraba vya wavu. Orodha ya mali yake inataja vipande 381 katika sanduku moja na 538 katika jingine, vingine vimeshatiwa maua, vingine vitupu. Niliposoma hayo nikasema basi, na sisi tutakwenda kipande kipande. Mwenye watoto wadogo atachukua kimoja, mwenye nafasi atachukua vinne, na hakuna atakayebeba kitambaa kizima peke yake.

Mei, ziwa limefungwa

Kuanzia tarehe 15 Mei 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika umesimamishwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, samaki wapate kuzaliana na kukua. Ni mara ya kwanza kwa upande wetu wa Tanzania. Kibirizi, mwalo wetu wa samaki, pamekuwa pageni: mitumbwi imepandishwa nchi kavu, taa za kuvutia dagaa zimefungwa kwenye magunia, na vichanja vya kuanikia havina kitu. Kwa nyumba nyingi ni miezi migumu, na baadhi yetu kwenye kikundi tunaishi kwa kuuza dagaa, kwa hiyo sisemi kufungwa kwa ziwa kumetufaa. Nasema tu kwamba kumetupatia mwalimu.

Tulimwendea mzee mmoja wa mwaloni ambaye hajaingia ziwani siku nyingi lakini nyavu za watu wote zinapita mikononi mwake. Tulimkuta amekaa juu ya mkeka, wavu umemfunika magoti.

"Shikamoo, Babu."

"Marahaba, wajukuu zangu. Mmekuja kununua nini na ziwa limelala?"

Tukamwonyesha picha ya lesi kwenye simu. Akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu, akamwambia dada aliyeishika aikuze. Akaitazama kwa muda. Kisha akasema, "Hili fundo ni la kwetu. Maua ndiyo ya wenyewe."

Na ni kweli kabisa. Fundo linaloshikilia wavu wa lesi ndilo fundo la wavu wa kuvulia, halijabadilika hata kidogo. Kinachobadilika ni unene wa uzi na ukubwa wa jicho.

Babu alitufundisha pale pale, kwa kibao cha mti na sindano yake ya nyavu, ile bapa yenye ulimi katikati. Nalieleza hapa jinsi nilivyoliona, kwa faida ya waliokosa. Uzi unashuka mbele ya kibao, unapanda nyuma yake, unaingia kwenye jicho la safu ya juu kutokea chini. Unauvuta mpaka jicho liguse ukingo wa kibao. Hapo dole gumba linabana, na likishabana halitoki. Uzi unarushwa upande wa kushoto ukae nusu duara juu ya jicho, sindano inapita nyuma ya miguu yote miwili ya jicho, inatokea ndani ya ile nusu duara, unavuta. Fundo linaingia mahali pake na unalisikia kidoleni likikaza.

Siri yote iko kwenye dole gumba. Ukiliachia mapema, fundo linateleza chini ya jicho na kuwa kitanzi kinachotembea, na wavu wenye kitanzi kinachotembea utapanuka huku na kubana kule. Babu haangalii mikono akifunga. Anaongea na wewe, anapokea salamu za wapita njia, na mafundo yanatoka sawasawa.

Mwisho wa Mei, vifaa

Sindano ya Babu haipiti kwenye jicho la milimita 5. Huko ng'ambo wana sindano za chuma zenye meno mawili kila ncha, uzi unazungushwa kwa urefu katikati ya meno. Fundi baiskeli wa pale Mwanga, hapa hapa mjini Kigoma, ametutengenezea kwa spoku. Anaikata urefu wa kiganja, anaigonga kila ncha kwa nyundo mpaka iwe bapa, anaichimba mfereji kwa tupa, halafu anaibana meno yakaribiane ili yasikwaruze macho ya wavu. Mwisho anaipitisha kwenye msasa mwembamba. Ya kwanza ilikuwa inanasa, lakini zilizofuata zinateleza vizuri sana.

Badala ya kibao tunatumia vijiti vya mishikaki. Kijiti chenye kipenyo cha milimita 3 kina mzunguko wa milimita 9 na kitu, na nusu ya mzunguko ndiyo umbali wa fundo hadi fundo. Ukiongeza unene wa uzi unapata karibu milimita 5, kipimo chetu hasa. Tumevisugua kwa msasa na kuvipaka mafuta ya mawese kidogo, tukavifuta na kuviacha vikauke siku nzima. Jambo moja tu: vijiti vya pakiti moja havilingani unene, kwa hiyo kila mtu achague chake na asikibadilishe mpaka kipande kiishe.

Uzi umetugawa. Waliozoea mwalo walitaka uzi wa nailoni wa nyavu kwa sababu hauozi. Tuliujaribu mwembamba kabisa. Nailoni inang'aa na inateleza, fundo lake linataka kufungwa mara mbili ili lishike, na ukifunga mara mbili kwenye jicho dogo namna ile linakuwa uvimbe. Pamba inajishika yenyewe. Tumeafikiana pamba nyeupe ya kufumia namba 20, na kwa wageni wa mambo haya, namba ikipanda uzi unakuwa mwembamba zaidi. Tununue madonge yote dukani kwa mara moja, maana nyeupe ya mzigo huu na nyeupe ya mzigo ujao hazifanani.

Juni

Wavu wa mraba hauanzii upande, unaanzia kwenye pembe. Hili liliwashangaza wengi. Unaanza na macho mawili tu, na kila mwisho wa safu unafunga mafundo mawili kwenye jicho la mwisho, kwa hiyo kila safu inaongezeka jicho moja. Kwetu vyumba ni 30 kila upande, basi unaongeza hadi ufikishe macho 31, unakwenda safu moja bila kuongeza, kisha unaanza kupunguza kwa kukamata macho mawili ya mwisho kwa fundo moja. Unarudi unapungua hadi pembe ya pili.

Mikononi kinaonekana kitu kilichopinda kama dayamondi, kisicho na umbo la kueleweka. Ukikishika pembe nne na kukivuta, macho yote yanageuka miraba kwa pamoja. Binti mmoja wa kidato cha pili, anayekuja na mama yake siku za mapumziko, ndiye aliyetupigia hesabu: kipande kimoja kina mafundo yasiyopungua 900. Kitambaa kizima ni zaidi ya 32,000. Mama mmoja alisema angeambiwa mapema asingejiandikisha, lakini sasa ndiye yuko mbele ya wote.

Nimeona jambo zuri ambalo kroshia haina. Kitambaa cha kroshia ukikata uzi mmoja kinafumuka. Wavu wa mafundo ukiukata katikati, tundu linabaki pale pale, kwa sababu kila fundo linajitegemea. Ndiyo maana wavu uliochanwa na mawe ya ziwani unaweza kuzibwa na kurudi kazini. Babu ametuonyesha kuziba: unakata kwanza kingo za tundu mpaka zibaki sawa, ndipo unafunga macho mapya kutoka juu. Vipande vyetu viwili vilivyotafunwa na panya vimepona kwa namna hiyo.

Juni, habari za wenzetu

Mwenzetu wa Tabora amekuja na treni, amekaa nasi siku kadhaa, na mazungumzo yalikwenda hadi usiku. Yeye anataka kuanzisha lesi ya vijiti kule kwao, ile isiyo na sindano wala fundo. Uzi unazungushwa kwenye vijiti vidogo vya mbao, jozi kwa jozi, vinaning'inia kwenye mto mgumu uliochomekwa pini, na mfumaji anavibadilishana mikononi. Miondoko ni miwili tu: kuvuka na kusokota. Kuvuka kisha kusokota kunatoa mshono wenye uwazi, na kuvuka, kusokota, kuvuka tena kunatoa kitambaa kilichojaa. Lesi zote za vijiti unazoziona, hata zile za maharusi wa kifalme, zimejengwa kwa hayo mawili.

Seremala wa Tabora ameshamchongea vijiti vya majaribio kwa vipande vya mninga vinavyobaki kwenye kutengeneza vitanda. Ni vizito kiasi, na uzito unafaa kwa sababu ndio unaoukaza uzi. Tatizo lake lilikuwa pini: anahitaji nyingi na za madukani zinapata kutu haraka. Hapo nikamweleza ninavyojua kuhusu wafumaji wa kaskazini mashariki mwa Brazili. Wale wanatumia miiba ya mmea wa mandakaru, jamii ya kaktasi, mahali pa pini. Mto wao wameushindilia majani makavu ya mgomba, na vijiti vyao vina vichwa vya kokwa za michikichi ya huko. Chumba kizima kilinyamaza, kisha kila mtu akaanza kuongea. Miiba sisi tunayo. Migomba imejaa Kasulu. Na kokwa za mchikichi, Kigoma hii, ni za kuokota. Ameondoka na mfuko wa kokwa kavu, atamwomba seremala azitoboe na kuzichomeka kwenye ncha za vijiti.

Niliwaeleza pia habari ya kisiwa cha Hvar, nchini Kroatia. Masista Wabenedikto wa pale wanafuma lesi kwa nyuzi zinazotolewa katikati ya majani mabichi ya mgave, ndugu wa karibu wa mkonge wetu, na mojawapo ya kazi zao ni wavu. UNESCO iliiorodhesha lesi ya Kroatia mwaka 2009, na ile ya vijiti ya Slovenia mwaka 2018. Babu, aliyekuwa amekaa mlangoni, aliposikia mkonge akasema baba yake alikwenda manamba Tanga kukata mkonge, kama Waha wengi wa wakati ule. Walikata majani mpaka mikono ikakakamaa, na nyuzi zote zikaenda kusokotwa kamba. Aliuliza kama zile za masista ni laini kweli. Nikamjibu ni nyembamba na nyeupe. Akasema angependa kuzishika.

Nami ningependa. Tumeandika kwenye daftari: mkonge, majaribio, baada ya kitambaa hiki.

Julai, fremu na kujaza

Fremu ni za nondo nyembamba iliyokunjwa mraba na kuchomelewa, halafu ikazungushiwa vipande vya kanga kuukuu vilivyoshonwa vikabana. Kanga inafanya kazi mbili: inazuia kutu isishike uzi, maana hewa ya ziwa haina huruma na chuma, na inatupa mahali pa kushonea kingo za wavu. Kipande lazima kivutwe kikaze kama ngozi ya ngoma. Kikilegea, mishono yote inalala upande.

Mshono mkuu ni wa kufuma kama kitambaa. Kila chumba kinachojazwa kinapata nyuzi mbili za wima na mbili za mlalo, juu, chini, juu, chini. Kwanza unapitisha za wima kwenye picha nzima, unakwenda na kurudi, kisha unakuja na za mlalo unazifuma ndani yake na kwenye mistari ya wavu wenyewe. Ugumu ni njia. Uzi hauruhusiwi kuruka chumba kitupu, kwa hiyo kabla hujagusa sindano unapanga utaingilia wapi, utageukia wapi, na utatokea wapi bila kukwama. Wale waliozoea kucheza bao wameshika haraka kuliko wote.

Picha tunazichora kwenye daftari la hesabu, lile la vyumba vidogo, chumba kwa chumba, 30 kwa 30. Mgebuka, samaki wa ziwa letu, ulikubali mara moja: mwili mrefu, mgongo ulionyooka, mkia wa pembe mbili. Mchikichi ulitutesa. Kuti lake linapinda, na kwenye miraba kila kinachopinda kinakuwa ngazi. Mchoraji wetu alilifuta kuti lile tena na tena mpaka akaamua kuonyesha mti kwa mbali, shina fupi na kichwa kipana, na chini yake chane mbili za chikichi. Sasa ndiyo picha nzuri kuliko zote. Korosho ya kanga nayo imo, na meli ya Liemba imo, ikionekana kwa ubavu, na bomba lake la moshi. Meli ile iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikaletwa kwa vipande, ikaunganishwa hapa hapa Kigoma, kwa hiyo ina haki ya kukaa kwenye kitambaa cha vipande.

Kulikuwa na wazo la kuandika majina yetu. Nimelipinga. Kila mwenye mkono wake atautambua bila jina, na kitambaa kina picha za kutosha.

Agosti, ziwa limefunguliwa

Tarehe 15 imefika na mwalo umefufuka. Usiku ule taa zilianza kuonekana tena majini, na asubuhi vichanja vilijaa. Nusu ya kikundi wamerudi kwenye dagaa, na wana haki. Hiyo ndiyo riziki. Babu naye kazi zimemzidi.

Ratiba mpya inafuata mwezi. Dagaa huvutwa na taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazina nguvu, kwa hiyo siku za mwezi mpevu mitumbwi hupumzika na nyavu huzibwa. Hizo ndizo siku zetu. Tumekutana siku zinazozunguka tarehe 19, mwezi ulipojaa, na tumefanya kazi nyingi kuliko nilivyotarajia.

Vijana wawili wazibaji nyavu wameanza kukaa nasi. Mmoja alikuja kumletea Babu chakula akaombwa ashike sindano ya spoku. Wavu wake ni bora kuliko wa yeyote kati yetu, mafundo yamepangana kama yamepigwa rula. Kujaza picha bado hataki, anasema hiyo aachiwe mama zake. Sitamlazimisha, lakini fremu moja nimeiacha karibu na anapokaa.

Septemba

Tumefua na kutia wanga vipande vya kwanza. Wanga ni wa muhogo, umekorogwa mwepesi, kipande kikiwa bado kwenye fremu. Ukiutia mzito unaziba macho na lesi inakuwa kadibodi.

Mfanyabiashara mmoja ametembelea kazi yetu, akatoa bei, akasema pazia la lesi la dukani halifiki robo ya tunachotaja. Ni kweli halifiki. Pazia lile limefumwa na mashine, na mashine za wavu wa lesi si jambo la jana: John Heathcoat wa Uingereza alipata hataza ya mashine yake mwaka 1809. Tangu hapo wavu wa mkono haujawahi kuwa wa bei rahisi kuliko wa mashine, na hautakuwa. Anayetaka kuziba jua dirishani anunue pazia, hana kosa. Anayetaka mgebuka uliofumwa na mtu anayemjua mgebuka, aje kwetu, na saa za kazi zihesabiwe. Tumekataa kuuza kipande kimoja kimoja mpaka kitambaa kikamilike.

Oktoba, tulipofikia

Vipande 29 vimekamilika. Vinne viko kwenye fremu, kimojawapo ni cha Liemba, na mwenye kipande hicho ameomba asisukumwe kwa sababu madirisha ya meli yanahitaji utulivu. Vitatu bado ni wavu.

Kuunganisha kumeanza kwa safu mbili za juu. Vipande vinapakanishwa kingo kwa kingo, jicho kwa jicho, na sindano inazunguka miguu yote miwili kila jicho. Vipande vya watu wawili tofauti havilingani kabisa, kimoja kinazidi kingine kwa nusu jicho, na tofauti hiyo inamezwa kidogo kidogo kwenye ukingo mzima badala ya kusukumiwa pembeni. Kazi hii amepewa mama yule aliyetishwa na hesabu ya mafundo, kwa sababu mkono wake ndio wenye subira kuliko yote.

Ukingo wa nje utafumwa kwa kroshia. Tumelijadili na wengi wameona ni sawa, na mimi nimekubali kwa moyo mweupe, maana ndiko tulikotoka.

Kutoka Tabora: kokwa zimetobolewa, jozi kumi za vijiti ziko tayari, mto umeshindiliwa majani ya mgomba. Miiba ya mgunga imefaa mahali pa pini ila ivunwe ikiwa imekauka mtini, mibichi inapinda. Mwenzetu ameomba mtu mmoja wa kwetu aende akajifunze miondoko miwili na kuirudisha huku. Kijana mzibaji nyavu amejitolea kwenda.

Mahitaji ya mwezi mpevu ujao: uzi namba 20, madonge matatu ya mzigo ule ule kama bado yapo dukani, spoku tano, na mwenye daftari la michoro alirudishe, ukurasa wa korosho unahitajika.